Mlango Ambao Baba Yako Hakuufunga

Kisumu, Jumapili jioni

Akinyi,

Umeenda Manyatta kuwaaga rafiki zako, na kwa ninavyowajua hawatakuachilia kabla hujala, kwa hiyo nina saa mbili hivi za kuwa na meza hii peke yangu. Begi lako liko karibu na mlango. Nimelifungua nikatia sweta, nikalitoa kwa sababu Dar es Salaam hakuna baridi, halafu nikalirudisha. Hayo ndiyo maagizo yangu yote ya safari. Habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki umezisikia kwangu miaka ishirini na moja, na kama hazikuingia kwa mdomo sidhani zitaingia kwa kalamu.

Ninaandika kwa sababu ya Alhamisi. Ulikaa kwenye kiti cha Baba yako, ukaniimbia ule wimbo wako mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ukaniuliza, "Mum, niende nayo ama niiache? Ukisema hapana naifuta, haki." Nami nikakuambia uzi wa tatu wa gitaa lako umelegea. Halafu nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazikuwa zimekauka. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena, na wimbo hujaupiga tena. Ila nimeiona ile fomu ya chuo juu ya kabati. Umejaza kila kitu isipokuwa mahali pa kutaja wimbo utakaoingia nao darasani siku ya kwanza. Unanisubiri mimi. Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtu ambaye ametungia kwaya za shule nyimbo tangu hujazaliwa, nimeshindwa kukupa jibu la neno moja kwa siku tatu nzima.

Uzi wa tatu ulikuwa sawa kabisa. Hilo acha nilikiri kwanza.

Wimbo wako ni mzuri, Akinyi. Ungekuwa mbaya ningekuwa nimeshakujibu. Umelichukua neno nililolisema siku ya mazishi, pale jeneza la Baba yako lilipotolewa kwenye nyumba yetu kule Asembo Bay, nikasema kwa sauti, "Hata leo umetoka bila kufunga mlango." Watu walicheka huku wanalia, kwa sababu hakuna aliyemjua Baba yako ambaye hakuwahi kuinuka kwenda kufunga mlango aliouacha wazi. Wewe ulikuwa upande wa pili umeshika picha yake. Sikujua kama ulisikia. Sasa nimejua, kwa sababu umelifanya kiitikio:

Toka tu mpenzi wangu, mlango uache wazi,
Nitaulinda mwenyewe, upepo hata uvume.

Nane kwa nane. Nilihesabu mizani kwa vidole nikiwa nje na nguo mbichi begani. Vina umeviacha, na safari hii sina ugomvi na hilo. Lakini yule mwanamke wa kwenye wimbo, yule mpole anayekaa kando ya mlango akiulinda dhidi ya upepo, nimemtafuta ndani yangu mwote tangu Alhamisi na sikumpata. Si mimi. Na ili nikueleze kwa nini hilo liliniuma hadi nikakimbilia kamba ya nguo, lazima kwanza nikuambie jambo nililomtendea Dani yako, mama mzazi wa Baba yako, ambalo mimi na yeye tumekuficha siku zote.

Unajua kwamba Baba yako alikuwa na mdogo wake, Okoth, aliyekufa kabla hujazaliwa. Hujui alivyokufa. Ilikuwa malaria tu. Alipimwa, akapewa dawa, akaja nazo nyumbani Asembo, na kila Dani alipomuuliza kama amemeza, alisema amemeza. Hakuwa amemeza. Alichukia ule uchungu wa dawa tangu utotoni. Alipokufa na watu wakaanza kutoa vitanda nje ili waombolezaji wapate mahali pa kukaa, vidonge vilipatikana chini ya godoro, vyote, hakuna hata kimoja kilichopungua.

Sasa, umewahi kumsikia mama wa kwetu akimlilia mtu wake, yule anayejua kulia. Hasimami mahali pamoja. Anatembea boma lote akimwimbia marehemu mwenyewe, anamwita kwa majina yake, anamsifu, anamkumbusha mambo, anamgombeza, na wanawake wengine wanamwitikia. Wimbo anautunga palepale na ni wa mtu huyo mmoja. Akifa mwingine, unatungwa mwingine. Dani yako alisifika kwa kazi hiyo kuliko wanawake wote wa upande ule. Siku ile alimwimbia Okoth mbio zake na kucheka kwake, halafu sauti ikabadilika, akaanza kumsema: "Vidonge vyako tumevipata chini ya godoro. Ulidhani unamdanganya nani? Inuka basi unidanganye tena, nikuone." Hayo alisema kwa Kijaluo, nami nakuandikia kwa Kiswahili.

Mimi nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Nilikuwa nimeajiriwa shule ya wasichana hapa mjini, nikapewa kwaya, na tamasha la muziki la shule lilikuwa linakaribia nami sina wimbo. Nilikuwa na redio ndogo ya kaseti yenye kunasa sauti. Niliificha ndani ya leso na kuiwasha. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia kwamba nahifadhi utamaduni.

Nilirudi Kisumu, nikaifanyia kazi ile kaseti kwa wiki tatu. Niliyageuza maneno kuwa Kiswahili, nikayapanga beti, mizani nane kwa nane, nikagawa sauti nne. Jina la Okoth nililibakiza kwa sababu lilikaa vizuri kwenye kiitikio. Lakini vidonge vilinishinda. Niliwaona majaji wakitazamana. Nani ameweka dawa za malaria ndani ya wimbo wa maombolezo? Basi palipokuwa na godoro nikaweka jua linazama ziwani. Mahali pa "inuka unidanganye" nikaweka "lala salama, shujaa wetu". Nilijiona mshairi kamili. Baba yako aliusoma jikoni, akaniuliza, "Na ile ya godoro iko wapi?" Nikamwambia hajui mambo ya utunzi. Akanirudishia karatasi, na nilidhani nimeshinda.

Tulikuwa wa kwanza. Kile cheti kilichokuwa ukutani hadi ulipofika darasa la tatu, ukaniuliza kwa nini nimekiondoa, ndicho hicho. Tukaendelea mbele, tukashinda tena, kisha wimbo ukarekodiwa ukawa unapigwa kwenye redio. Na asubuhi moja ukapigwa wakati wanawake wa Asembo wako ufukweni wanaanika dagaa wao wa omena, na Dani yako miongoni mwao. Walisikia jina. Mmoja wao akaanza kucheza. Hakuwa na ubaya wowote, maana nilikuwa nimeupangia wimbo mdundo wa kuchezeka. Dani alikunja leso yake, akaacha omena zake hazijageuzwa, akarudi nyumbani. Alituma mtu aniambie nije.

Nilikwenda Jumamosi na mkate na sukari. Unamjua Dani, hapandishi sauti. Aliniuliza, "Huyo Okoth mnayemwimba kwa redio ni wa nani?"

"Ni wako, Mama."

"Wangu alikuwa muongo," akasema. "Huyo wenu hajawahi kuficha hata kidonge kimoja. Mimi nilikuwa nagombana na mtoto wangu. Wewe umenifanya nisifu mtu simjui."

Pale ningesema pole, mambo yangekwisha. Mimi nilimpa somo. Nilimweleza kwamba wimbo wa mashindano una dakika zake, majaji wana mambo wanayoyatazama, sanaa haibebi kila kitu, lazima mtunzi achague. Nilisema maneno ya darasani mbele ya mama aliyefiwa, kwa ufasaha kabisa, na mikono nikiizungusha hewani kama ninavyofanya mbele ya kwaya. Dani alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nitakula samaki.

Nilikula. Na tangu siku hiyo, Akinyi, hakuwahi kuimba mbele yangu tena. Nikifika kwenye matanga akiwa anaimba, ananyamaza, anakaa, anaomba maji. Hakunitukana hata mara moja. Alinipokea, alinipikia, alikubeba wewe mgongoni hadi ukakataa kutembea kwa miguu yako. Lakini nyimbo alizifungia. Mimi niliyeolewa kwenye boma la mwimbaji bora kuliko waimbaji wote nilikaa miaka ishirini na zaidi bila kumsikia, na sababu niliijua mwenyewe.

Nikikueleza haya usifikiri nataka ujione mwizi. Wewe umefanya tofauti. Ulikaa mbele yangu, ukaimba nikisikia, ukauliza. Mimi nilificha mashine ndani ya leso. Kilichoniuma ni kwamba nilisikia kwenye wimbo wako lile jua langu la kuzama ziwani. Nilijua palikuwa na kitu kingine pale, na wewe hukukijua. Hukuwa na njia ya kukijua, kwa sababu ni mimi niliyekificha.

Unakumbuka vitabu vya Baba yako? Alifunga na kujalidi vitabu maisha yake yote kwenye kile kiwanda cha uchapishaji cha familia ya Kihindi mjini, na kila vilipoharibika alipewa aje navyo. Nyumba yetu ilijaa riwaya na diwani zilizoruka kurasa. Ulikuwa unasoma hadithi hadi ukurasa wa thelathini na mbili, ukigeuza unakuta arobaini na tisa, na mtu aliyekuwa anachumbia sasa yuko jela. Ukaja kuniuliza nini kilitokea hapo katikati. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, nikasema sijui. Baba yako akakupa karatasi, akasema, "Jaza wewe." Ukajaza. Ulikuwa na miaka minane. Ukawa unaandika zile kurasa zilizopotea na kuzichomeka ndani, kisha ukaanza kuzipigia vijiko kwenye meza, halafu ukazitafutia sauti, na siku moja nilikuwa nafagia nikagundua nimesimama na ufagio, nasikiliza. Mimi ndiye niliyesomea muziki, lakini Baba yako, kwa vitabu vyake vibovu, ndiye aliyekufanya mtunzi. Hilo nalo nimechelewa kulisema. Hata ile siku ulipokipata kitabu kizima kwenye maktaba ya shule, ukaja nyumbani umenuna kwa sababu ukurasa wa mwandishi ulikuwa mbaya kuliko wako, aliyecheka ni yeye. Mimi nilikuambia uheshimu waandishi.

Basi wimbo wako wa mlango ni ukurasa mwingine uliojaza. Ulisikia sentensi moja, zilizobaki ukazibuni, na umezibuni kwa huruma, jinsi mtoto angependa mama yake awe. Lakini safari hii ukurasa wenyewe haujapotea. Ninao. Soma.

Wiki aliyokufa Baba yako wewe ulikuwa Kisian kwa shangazi yako. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amewaazima watu wa kanisa kinanda changu kwa ajili ya harusi, bila kuniuliza. Kilirudi sauti tatu za chini hazitoki. Leo nikikiangalia kinanda hicho naona aibu kwamba ni hicho, lakini ndicho. Nilimwambia maneno mengi Jumapili, na nilipoyamaliza nikanyamaza, na unajua Mama yako akinyamaza. Jumatatu nzima nilimpa chakula bila neno. Jumanne asubuhi alikunywa chai, akavaa koti lake la buluu la kazini, akasimama mlangoni.

"Nyar Gem," akasema. Binti wa Gem, ndivyo alivyoniita tangu siku tulipokutana, jina la nilikozaliwa. "Mimi natoka sasa."

Nilikuwa na sufuria ya ugali nakwangua ukoko kwa kijiko. Nilimsikia vizuri. Niliendelea kukwangua. Alisubiri, na alisubiri tena kidogo, maana hakuwa mtu wa kuondoka bila kuitikiwa. Halafu akasema, "Haya," akaenda. Mlango akauacha wazi kama kawaida yake.

Na mimi, Akinyi, nilinawa mikono, nikaenda nikaufunga kwa kishindo, makusudi, asikie akiwa bado hajafika barabarani. Kikombe kilianguka kutoka kwenye rafu. Saa nne nikapigiwa simu kwamba ameanguka kazini kando ya mashine ya kukatia karatasi. Kufika hospitali, nikaambiwa moyo wake ulikuwa umesimama tangu njiani. Katika maisha yetu yote pamoja, jambo la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ni mlango ule.

Ndiyo maana siku ya mazishi nilisema nililolisema. Watu walidhani ni utani wa mjane, na ulikuwa utani kidogo, lakini zaidi ulikuwa ule ugomvi wetu wa Jumanne ukiendelea. Nilikuwa bado namkasirikia. Nilimkasirikia kwa kinanda, kwa mlango, na kwa kufa kabla sijamaliza kununa. Wewe ulisikia sentensi hiyo moja. Kulikuwa na ya pili, niliisema chini chini: "Na mimi sikukuitikia."

Dani aliisikia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pale kizingitini, karibu na miguu yangu. Huyo ni mama anayemzika mtoto wa pili. Akanishika pindo la nguo, akanivuta, akasema, "Mgombeze. Hajafika mbali."

Nilitazama huku na huku. Walimu wenzangu wote walikuwepo. Mwalimu mkuu, padri, kwaya yangu kwa sare zao, yule mzee mwenye kiwanda na kilemba chake cheupe, analia kuliko sisi. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi mpya. Sikuweza. Nilitikisa kichwa, nikajipanguza machozi, nikawa mjane wa heshima. Basi Dani aliinuka mwenyewe. Alianza kutembea, akamwimbia mwanawe mbele yangu, mara ya kwanza tangu ile kaseti. Alimsema kwa milango yote ya maisha yake, hadi ule wa zizi alioacha wazi akiwa mdogo, ng'ombe wakamaliza mahindi ya jirani. Wanawake wakaitikia, nami nikasimama nyuma yake nikaitikia pamoja nao. Sikuwa na kaseti. Sikumbuki hata nusu ya yale maneno, na naona ni sawa hivyo.

Baada ya hapo nilipata nguvu ya kuutoa ule wimbo wa Okoth kabatini. Nilifuta jua, nikarudisha vidonge na godoro. Mizani iliharibika, mstari mmoja ukazidi na mwingine ukapungua, nikaiacha hivyo. Mwaka jana nilimpelekea Dani, nikamwimbia peke yake tukiwa tunachambua mboga. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia, "Godoro halikuwa lake. Lilikuwa la Baba Akinyi, Okoth alikuwa amelinyakua tu." Yaani hata baada ya kurekebisha nilikuwa nimekosea. Lakini akaongeza, "Sasa ndiye yeye," na akaniomba niimbe tena. Wimbo huo hautaingia mashindano yoyote. Naupenda kuliko vyote nilivyotunga.

Unaniuliza kila siku jinsi ninavyofanya kazi na mashairi ya watu wengine, nami hukujibu kwa maneno ya mizani na vina. Hayo utafundishwa huko, na kwa Kiswahili kizuri kuliko chako, maana wale watu watakucheka ukisema "hiyo gitaa yangu", wacha wacheke. Ukweli wangu ni mdogo. Nachukua shairi, nalisoma kwa sauti nikifagia, na naangalia ulimi unakwama wapi. Zamani, ulimi ulipokwama, nilidhani ndipo pa kusafisha. Siku hizi hapo ndipo naanzia. Nimekuwa nikitunga karibu miaka thelathini, na kila mahali nilipoweka jua la kuzama, nikirudi kuangalia naona nilikuwa naogopa godoro la mtu. Na wewe utaogopa. Mimi bado naogopa. Nimeinuka mara tatu kwenye barua hii kwenda kuangalia maharagwe, na hakuna maharagwe jikoni.

Basi jibu lako. Nenda na wimbo. Chukua kalamu ujaze ile nafasi kwenye fomu, leo, kabla hujalala.

Lakini sasa una ukurasa uliokuwa umekosekana, na utajua wewe uufanye nini. Sikuandikii ubeti. Ukiona kishindo kinaingia, kiingize. Watu wa kanisani wakiniuliza kama ni kweli nilimfungia mume wangu mlango hivyo, nitasema ni kweli. Nitaona haya, halafu nitapona. Ukiona hakiingii, acha wimbo ulivyo, ila utakuwa unajua umeacha nini na kwa nini, jambo ambalo mimi sikujua kwa umri wako. Nilishindwa kumgombeza mbele ya watu nilipoambiwa bado hajafika mbali. Labda kwa sauti yako nitaweza. Nakuomba kitu kimoja tu: "Nyar Gem" usiliweke. Hilo lilikuwa la mdomo wake, na nimebaki nalo mimi.

Sikuandikii unisamehe, kwa sababu hukukosewa wewe. Aliyekosewa alikuwa na moyo mwepesi, na nadhani kufika kazini alikuwa ameshasahau kinanda. Kuna siku naamini hivyo na kuna siku siamini. Nilitaka tu uondoke ukimjua Mama yako mwenyewe, pamoja na sufuria yake na kunyamaza kwake, wala si yule wa kwenye wimbo.

Barua hii nitaiweka juu ya gitaa lako uione ukirudi, usiisome ndani ya basi ukalia mbele ya watu. Usije chumbani kwangu kuizungumza. Tutaizungumza kwa simu, baada ya wiki, mwezi, ukiwa tayari.

Kesho asubuhi nitakuwa jikoni. Nitakuwa nimeshika sufuria, kwa sababu sijui kukaa bure mtu akiondoka nyumbani. Wewe usipite kimya kimya kwa kunihurumia. Simama pale mlangoni, useme kwamba unatoka. Nitakuitikia mara ya kwanza. Kisha nenda, mlango uache tu. Nitaufunga mimi, polepole.

Mama yako